Namba Hamsini na Saba

Jumatatu, 10 Machi

Winny ameniletea shajara kutoka ofisini kwao, yenye jalada jeusi na ukurasa wa kila siku. Anasema baba aliyeandikia reli miaka thelathini na mmoja hawezi kustaafisha kalamu. Binti yangu amesahau kwamba mimi bado ni katibu wa tawi la chama hapa mtaani Ziwani, na kalamu yangu haijaona likizo. Mvua bado. Mke wangu Adongo ameshaweka beseni pale paa linapovuja, kwa imani tu.

Alhamisi, 13 Machi

Barua kutoka makao makuu. Kiongozi wa chama anastaafu. Kila tawi lichague mwenyekiti mpya, na wenyeviti hao ndio watakaokwenda kumchagua kiongozi wa taifa. Mwenyekiti wetu tulimzika Novemba, kwa hiyo kiti ki wazi. Kura itakuwa ya mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, mnahesabiwa, mnarudi nyumbani. Masanduku na karatasi ni gharama, wanasema. Nilidhani mambo ya mlolongo tuliyaacha nikiwa kijana mwenye nywele.

Jumapili, 16 Machi

Lorine Nabiswa, Mama Opicho, alikuja baada ya kanisa. Tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na miwili. Akipiga chafya tunamwambia pole bila kuinuka kitini. Ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango mwaka juzi mpaka lile bomba la maji machafu likatengenezwa.

"Baba Winny, nataka kile kiti," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza pole pole, kama mwalimu. Hizi nyumba zetu za mawe zitavunjwa zijengwe ghorofa, na mwenyekiti wa tawi ataitwa kwenye mazungumzo kuhakikisha wapangaji wa sasa wanarudishwa. Mtu mwingine anayekitaka kiti ni Shitanda, na Shitanda ni mkandarasi. "Akikaa hapo," Lorine akasema, "atakuwa ameketi pande zote mbili za meza, na sisi tuko chini."

Shitanda alizaliwa hapa. Siku hizi anaishi mtaa wa Tena, lakini nyumba ya babake hajaiachia, kwa hiyo jina lake lingali katika rejista yangu.

Lorine anataka nimpendekeze. Katiba ya chama inasema mgombea apendekezwe na mwanachama wa miaka kumi au zaidi, na wa aina hiyo tumebaki wachache. Nilikubali kabla chai haijapoa. Nililala nikijiona mtu mkubwa.

Jumatano, 19 Machi

Nimejaza fomu ya Lorine kwa wino mweusi. Mwandiko wangu bado mzuri.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikutana na Shitanda pale dukani. Alivua kofia. "Mzee wangu, nasikia umempendekeza mama. Ni haki yako." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza afya ya Adongo, akaenda zake. Basi. Hakusema kitu kingine chochote.

Nami nilimjibu nini? Nilisema, "Aa, mimi ni katibu tu, napeleka fomu." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hakuwa ameniuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imeanza, na ya nguvu. Beseni limejaa mara tatu.

Tulicheza drafti kibarazani kwa jirani yetu Amolo. Amolo yuko upande wa Shitanda na hafichi. "Huyo mama atapata watu wangapi?" akasema. "Wewe utasimama nyuma yake peke yako, Nahashon, kama mlingoti wa stima." Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Niliporudi nyumbani nilimsikia Lorine ng'ambo ya ukuta akisoma hotuba yake kwa sauti, akikosea, akirudia.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepitia kanuni za uchaguzi tangu ukurasa wa kwanza. Hakuna mahali panaposema katibu ajipange katika mlolongo. Katibu huketi mezani na kuandika. Nilifurahi, kisha nikajiuliza nilikuwa natafuta nini humo.

Sikumwambia Lorine. Sikumwambia Adongo pia, ambaye ameshanunua mwavuli mpya kwa ajili ya siku hiyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika jioni hii hii kabla sijapata nafasi ya kuipamba habari hii.

Ukumbi ulikuwa umeingia maji, tukapangwa uani. Makao makuu yalimtuma msimamizi, dada mmoja anaitwa Warigia, mdogo wa umri na mkali wa macho, na kipaza sauti chake. Akatangaza masharti. Wagombea wawili watasimama wakiutazama ukuta wa ukumbi, wasigeuke, ili wasimtishe mtu kwa macho. Wapiga kura watapanga mlolongo nyuma yao. Kisha kila mtu atataja namba yake kwa sauti, wote wasikie.

Nilimpendekeza Lorine. Nilisoma vizuri, watu wakapiga makofi. Amolo akampendekeza Shitanda. Wagombea wakageukia ukuta. Mimi nikaketi mezani, nikafungua kitabu, nikaandika tarehe.

"Na wewe, mzee?" Warigia akaniuliza.

"Mimi ni katibu."

"Katibu si mwanachama? Simama, ujipange. Kalamu nitakushikia."

Akaichukua kalamu mkononi mwangu.

Kutoka mezani hadi kwa Lorine hazizidi hatua kumi na tano. Alikuwa amevaa sweta yake ya buluu ya kanisani, pua karibu iguse ukuta. Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na tatu. Adongo alikuwa wa tatu, chini ya mwavuli mpya. Mlolongo wa Shitanda ulikuwa umeshapinda kwenye tangi la maji, na kule kulikuwa na kelele za furaha, watu wakisukumana na kutaniana. Kila mtu alikuwa ameshajipanga isipokuwa mimi, kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unanitazama.

"Nahashon, huku kuna nafasi," Amolo akaita. Wakacheka. Nikacheka pia. Kisha nikatembea, nikajipanga nyuma ya Shitanda.

Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenipa hata soda. Naandika hilo kwa sababu ningependa sana kuwa nilitishwa. Niliona tu watu kumi na tatu, nikaona watakavyonicheka, na nikaogopa kuchekwa. Mwanamume wa miaka sitini na mbili.

Nilidhani nitakuwa wa mwisho, nijifiche mkiani. Lakini langoni watu walikuwa bado wanaingia, wanaume wengi kwa pamoja, wakajipanga nyuma yangu. Wa karibu yangu alikuwa na saruji kwenye viatu.

"Buda," akaninong'oneza, "hapa tunatoka saa ngapi?"

"Unakaa nyumba gani?"

"Mimi? Niko kwa Reuben. Sisi ni wa mjengo ya bosi, huyo Shitanda. Ametuambia leo tukikuja hapa siku inahesabika, tunalipwa."

"Mko wangapi?"

"Gari mbili."

Rejista yangu ina watu mia nne na kidogo, wote wa Ziwani. Hakuna hata mmoja wa kule mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Nilipaswa kutoka mlolongoni na kumwambia Warigia palepale. Lakini nikisema, nitaulizwa nilikuwa nimesimama wapi niliposikia. Nikafunga mdomo.

Wakaanza na mlolongo wa Lorine. Moja, mbili. "Tatu," Adongo akasema, na nafikiri waliisikia mpaka barabarani. Ikaishia kumi na tatu. Kisha wakaja kwetu. Mmoja mmoja, namba ikanikaribia, nami nikatamani mvua ishuke. Mvua ya wiki mbili bila kupumzika, na saa hiyo haikuwepo.

Zamu yangu nilisema taratibu, mdomo ukiwa ndani ya kola.

"Rudia, mzee, sijasikia," Warigia akasema kwa kipaza sauti.

"Hamsini na saba."

Sina hakika, lakini niliona kichwa cha Lorine kikisogea kidogo pale ukutani. Hakugeuka.

Shitanda alipata mia moja thelathini na mmoja. Wagombea waliporuhusiwa kugeuka, mimi nilikuwa nimesharudi mezani na kalamu yangu, naandika matokeo.

Nyumbani Adongo aliniwekea ugali na sukuma. "Kula, Nahashon," akasema. Tangu Winny azaliwe, mke wangu hajawahi kuniita jina langu.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilisema ni kifua.

Jumanne, 15 Aprili

Lorine alikuja kuazima pasi. Nilitaka kutoka kwa mlango wa nyuma lakini nyumba zetu hazina mlango wa nyuma.

"Pole kwa kazi ya Jumamosi, Baba Winny," akasema. "Najua ulikuwa mezani. Kama si hivyo tungekuwa kumi na nne."

Ningeweza kusema wakati ule. Mlango ulikuwa umefunguliwa tayari, ilibaki kuingia tu. Badala yake nikasema, "Ee, ndiyo kazi ya ukatibu."

Adongo alikuwa anaosha vyombo. Akaacha. Kisha akaendelea.

Jumamosi ile ningeweza kusingizia miguu. Leo nimedanganya kwa mdomo, nimekaa, nimeshiba, na hakuna mtu aliyekuwa ananitazama isipokuwa mwanamke aliyeniamini. Nimejichukia siku nzima.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mchungaji alihubiri juu ya Petro na yule jogoo. Nilitazama viatu vyangu tangu mwanzo hadi baraka.

Jumatano, 23 Aprili

Lorine amekata rufaa. Anasema alipogeuka kutoka ukutani aliona sura ambazo hajawahi kuziona bombani wala kanisani. Shitanda amejibu kwa barua kwamba hao ni wapangaji wapya wa Ziwani na mwenye shaka alete ushahidi. Kamati ya rufaa inataka shahidi aliyesimama katika mlolongo ule, aseme ni nani waliokuwa humo. Waliosimama nje yake hawafai, wanasema, hao wanaweza kukisia tu.

Niliisoma barua hiyo mimi mwenyewe, kwa kuwa barua zote hupitia kwa katibu. Niliisoma mara nne.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Lorine aliingia akiwa amelowa mpaka magotini. Amebisha milango kumi na tisa ya watu waliosimama na Shitanda. Wengine walimkaribisha chai, wengine walizungumza naye dirishani. Hakuna hata mmoja aliye tayari.

"Nahitaji mmoja tu, Mama Winny," akamwambia Adongo. "Mmoja tu aseme ukweli."

"Muulize Nahashon," Adongo akasema. "Yeye anawajua watu wote."

Wote wawili wakanigeukia. "Nitakuulizia," nikasema. Kama mtu anayetumwa mafuta ya taa.

Alipotoka, nilimngoja Adongo anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Alichukua beseni, akamwaga maji nje, akalirudisha mahali pake.

Jumatano, 30 Aprili

Kikao cha kwanza cha Shitanda. Amenibakisha katika ukatibu. Alisimama akasema mbele ya wote, "Huyu mzee ni mfano. Fomu ilimpeleka kule, lakini moyo ukamleta huku." Wakapiga makofi. Alikuwa ananisifu kweli, uso wake ulikuwa wazi hauna hila. Nikaandika kwenye kitabu kwamba mwenyekiti alimshukuru katibu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda. Hatua sita kutoka mlango wetu hadi wake, na nimechukua siku ishirini kuzipiga.

Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Sikuketi, nilijua nikiketi nitaanza kuzungumzia mvua.

"Mama Opicho, siku ile sikuwa mezani. Nilikuwa kwa Shitanda."

"Hamsini na saba," akasema, akatoa kijiwe kwenye maharagwe. "Nilikusikia mara zote mbili."

Nilishika fremu ya mlango. "Na ile habari ya kwamba nilikuwa mezani?"

"Nilikuachia pa kupitia. Nikasema, atajisikia vibaya, atakuja mwenyewe kesho. Ikawa kesho. Ikawa wiki." Ndipo akaniangalia. "Miaka ishirini na miwili tunasikizana kwenye huo ukuta, Baba Winny. Ulidhani sauti yako sitaijua?"

Nilimwambia habari ya mtu mwenye saruji na gari mbili. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ulijua hayo siku ileile?"

"Siku ileile."

Nadhani hili lilimuuma kuliko lile la kwanza. Mimi lingeniuma zaidi.

"Utayasema mbele ya kamati?" akauliza hatimaye.

"Nitayasema."

"Hata la wewe kujipanga kule?"

"Hata hilo."

"Haya," akasema, akarudi kwenye maharagwe. Hakunikaribisha chai, na nilishukuru.

Jumapili, 4 Mei

Adongo ameniita Baba Winny, mara moja, akitaka nimpe chumvi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimetoka makao makuu. Nilivaa koti langu la reli.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti wao mzee Hirad, mtu mtulivu mwenye ndevu nyeupe. Nilieleza yote. Nilitaja saruji, kwa Reuben, gari mbili, "siku inahesabika". Nilisema vizuri, na katikati nilianza kujisikia nafuu, nikadhani ndiyo imekwisha. Lorine alikuwa kando yangu, mikono juu ya mkoba. Ndipo mwakilishi wa Shitanda akasimama, kijana wa suti, mpole kabisa.

"Mzee Odera, saini hii katika fomu ya mapendekezo ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimpendekeza nani?"

"Lorine Nabiswa."

"Ukasimama nyuma ya nani?"

"Shitanda."

"Alikupa kitu?"

"Hapana."

"Alikutisha?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Nilimtazama mzee Hirad, lakini alikuwa anaandika. "Niliona aibu kusimama na watu wachache," nikasema. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia.

"Na mama alipokuja kwako baadaye, ulimwambiaje?"

"Kwamba nilikuwa mezani."

"Kwa hiyo ulimwacha, kisha ukamdanganya. Na mlolongo wenyewe, matokeo yake yaliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Uliandika kwamba kulikuwa na wageni?"

"Sikuandika."

"Uliandika nini?"

Nikakikumbuka kile kitabu, ule mwandiko wangu ninaojivunia. "Niliandika kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki."

Akaketi. Hakuwa na swali jingine, na hakuhitaji.

Mvua ilitukuta nje. Lorine alifungua mwavuli, akausogeza mpaka ukanifunika nusu. Tulitembea hivyo mpaka kituoni. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nikaona ningekuwa naomba tena kitu kutoka kwake.

Jumatano, 14 Mei

Uamuzi umefika. Ninaunakili neno kwa neno:

"Shahidi ndiye pekee aliyetoa madai ya wapiga kura wa nje. Shahidi huyo alimpendekeza mlalamishi, akamkimbia, akamdanganya, na akatia saini matokeo anayoyapinga leo. Kamati haijui ni lini alikuwa anasema kweli. Rufaa imetupwa."

Nilisema kweli siku moja tu katika msimu huu, na kwa ajili ya siku zile nyingine haikuaminika. Lorine hakushindwa na Shitanda. Nilimshinda mimi, mara mbili.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imepungua. Watu wenye kamba za kupimia wameonekana upande wa chini, wakipiga namba kwenye kuta za nyumba kwa rangi nyekundu.

Jumamosi, 17 Mei

Mkutano mkuu wa tawi. Ukumbi umekauka ila unanuka ukungu. Shitanda aliagiza uamuzi wa kamati uingizwe katika kumbukumbu na usomwe mbele ya wanachama, na hiyo ni haki yake. Kusoma ni kazi ya katibu. Ningeweza kujiuzulu asubuhi. Nilifikiria, nikaona hapo nitakuwa nimetoroka tena.

Jana nilikuwa nimeiandika upya ile taarifa ya uchaguzi, kwa ukamilifu, na leo nikaisoma yote kabla ya uamuzi. Kwamba katibu, baada ya kumpendekeza Bi. Nabiswa, alijipanga katika mlolongo wa Bw. Shitanda, namba hamsini na saba. Kwamba alisikia kwa masikio yake kuwa walio nyuma yake wameletwa kutoka Mukuru kwa Reuben, na hakusema. Kwamba aliandika matokeo kana kwamba hakusikia. Shitanda alikatiza, akasema hayo hayakuwa kwenye ajenda. Nikaendelea kusoma. Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Nilisoma na uamuzi, "akamkimbia, akamdanganya", mpaka nukta ya mwisho.

Sasa, kumbukumbu zikishasomwa, desturi ni moja. Mwanachama mmoja anapendekeza kwamba ni sahihi, mwingine anaunga mkono, ndipo zinatiwa saini. Zisipopata mtu ni karatasi tu. Nikauliza, kama nilivyouliza miaka yote, nani anapendekeza.

Hakuna aliyeinua mkono. Amolo alitazama dari. Wale niliocheka nao drafti walitazama simu zao. Shitanda alikuwa ameanza kutabasamu. Nilisimama pale mbele na kitabu, nikangoja, na hapo ndipo nilipojua ukumbi ulivyo mkubwa unapokuwa huna mtu nyuma yako.

Mstari wa pili, sweta ya buluu ikainuka.

"Napendekeza," Lorine akasema. "Ni sahihi. Ndivyo ilivyokuwa."

Sikuweza kumtazama. Niliandika jina lake. Wino ukachafua ukurasa, mara ya kwanza katika kitabu kile.

"Nani anaunga mkono?" nikauliza.

"Mimi," Adongo akasema. "Andika."